Muulize Shangazi wa Jukwaani: Simu mkononi, mtani yuko wapi?

Hamjambo wapenzi wa safu hii. Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie jinsi simu ilivyougeuza ushabiki wenu, na barua zimekuja nyingi kuliko za mwezi wowote. Nimezisoma zote, nyingine usiku wa manane baada ya kufunika cherehani. Haziwezi kuenea kwenye ukurasa, kwa hiyo nimetanguliza zile zilizoninyima usingizi.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa Ilala. Nimekuwa Simba tangu utoto, ndani ya nyumba ya baba aliyekuwa Yanga wa kadi. Ninavyojibu hapa ndivyo ninavyowajibu watoto wa kaka zangu wanapokuja kukaa kwenye mkeka wangu.

*Shangazi, shikamoo. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp la watu 43, kuanzia bibi hadi wajukuu. Humo tunapangia harusi, humo tunachangia misiba. Mimi ni Yanga. Tarehe 5 Novemba 2023 tulipoifunga Simba 5-1, nilichukua picha ya baba mdogo aliyopiga kwenye harusi ya mwanawe, nikakikata kichwa chake, nikakipachika kwenye mwili wa mtu anayelia huku ameinua vidole vitano. Nikaifanya stika, nikaitupa kwenye kundi. Watu walicheka sana. Kesho yake baba mdogo akajitoa na hajarudi mpaka leo. Hata vikao vya ukoo haji. Juzi mama mkubwa alilazwa, baba mdogo akapata habari siku ya tatu. Watu wananilaumu mimi. Kosa langu ni lipi, na utani wa Simba na Yanga tumezaliwa tukaukuta? — Yanga wa Mbagala*

Marahaba mwanangu.

Mechi ile naikumbuka. Wakati wa mapumziko ilikuwa sare, bao moja kwa moja. Kibu Denis alikuwa amelirudisha goli la Musonda, nami nikainuka kwenda kubandika chai nikiwa na matumaini kabisa. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akafunga mawili, Aziz Ki lake, Pacome penalti. Mkono mzima. Siku mbili baadaye kocha wetu Robertinho akaondoka. Nataka ujue kwamba baba yako mdogo usiku ule alikuwa na kidonda kibichi.

Lakini vidonda hivyo tumepeana miaka yote. Yanga walitufunga tano bila mwaka 1968. Simba tuliwafunga sita bila mwaka 1977, na tano bila Mei 2012. Hata baada ya zile sita, baba yangu aliamka akaenda kazini kama kawaida, akapita mbele ya kijiwe cha kahawa ambako wazee wa Simba walikuwa wanamngoja. Walimsimamisha, wakamvua kofia, wakamhesabia hadi sita kwa sauti ya kwaya, wakamlazimisha awanunulie kahawa. Akanunua. Jioni wale wale walikuwa sebuleni kwetu wanakula. Nilikuwa mtoto, lakini kofia ile ikipita mkono hadi mkono naiona mpaka sasa.

Tazama vizuri walichofanya wazee wale. Walimtania uso kwa uso. Walikuwa wanamwona. Uso wa baba ungebadilika, mmoja wao angesema "basi, mwacheni," na mambo yangeishia hapo. Kila mmoja wao alijua kwamba msimu ujao atakuwa yeye anayevuliwa kofia, mahali pale pale. Utani wa kwetu una mipaka yake, na mipaka yenyewe haijaandikwa popote. Inasomwa usoni mwa mtu.

Halafu mtani ana deni. Mngoni na Mhehe wanataniana leo kwa sababu mababu zao walipigana vita vikali, wakatafuta njia ya kuishi pamoja bila kuchinjana. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema usilosema wewe, na huyo huyo ndiye anayekuja kwenye msiba wako kufanya kazi. Baba yangu alipofariki, wa kwanza kufika na jembe alikuwa mzee mmoja wa Simba wa mtaa wa pili. Aliingia uani akisema, "Leo nakuja kumfukia Yanga, lakini huyu nilikuwa namdai soda mbili, sasa nani atanilipa?" Mama alicheka machozi yakimtoka. Mzee yule alichimba kaburi mpaka mwisho na hakuwaachia vijana. Soda zile mbili aliletewa siku ya arobaini, akazinywa mbele yetu.

Sasa stika yako. Wewe ulikuwa Mbagala, baba mdogo alikuwa kwake. Hukumwona alipoifungua. Pengine alikuwa amekaa na wakwe zake. Waliocheka walikuwa 40 kwa mara moja, na hakuna hata mmoja aliyemwona ili aseme basi. Na picha uliyochukua ni ya harusi ya mwanawe, siku aliyosimama kama baba mbele za watu. Hapo hukumtania shabiki wa Simba; uligusa heshima ya mzee. Kosa lako ndilo hilo, na nakwambia wazi kwa sababu umeuliza kwa moyo safi.

La kufanya ni hili. Usimtumie ujumbe. Usimwombe admini amrudishe kundini kwa nguvu, maana atatoka tena na safari hii kwa hasira. Jumapili panda daladala, beba kilo mbili za sukari, nenda kwake peke yako. Mwamkie, kaa, umwambie: "Baba, ile picha nilikosa." Usiongeze "lakini ulikuwa utani". Hiyo lakini itaharibu kila kitu. Akikutukana, pokea. Akikuuliza kama Yanga mlistahili penalti ile, shukuru Mungu, amekusamehe.

Stika yenyewe huwezi kuirudisha yote. Ukifuta kwa wote, programu inakupa muda mfupi tu baada ya kutuma, na walioihifadhi bado wanayo. Ndiyo sababu ukirudi kutoka kwa baba mdogo uandike kundini, mbele ya hao 43, kwamba umemwomba radhi na unawaomba waifute. Kosa lilifanyika hadharani.

Sisi kwetu Ilala tuna makundi mawili. La ukoo halizungumzi mpira kabisa, hata siku ya Simba na Yanga. La mpira anaingia anayetaka na anatoka anayetaka, na akitoka hakosi habari ya msiba. Lizungumzeni hilo kwenye kikao.

*Shangazi, mimi nafanya kazi za ndani hapa Muscat, mwaka wa nne sasa. Simba ndiyo inayonifanya nijisikie niko nyumbani. Siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco nilijifungia chumbani na simu. Kabla Mutale hajafunga kwenye simu yangu, ndugu zangu walishanijazia "goooo" na stika za simba anayenguruma. Nilipoliona goli lilikuwa limepoa. Kila mechi ni hivyo. Kwa nini mimi nachelewa, na nifanyeje? — Binti wa Tanga, Muscat*

Mwanangu, pole na kazi. Barua yako niliisoma mara mbili. Tarehe 25 Mei 2025, kule Amaan, Zanzibar, sisi tulikuwa tumekaa watu kumi na moja mbele ya runinga moja, na wewe umejifungia peke yako ughaibuni ukishangilia bila kutoa sauti ili bosi asisikie. Goli lile lilikuwa letu wote, ingawa Berkane walisawazisha na kombe likaenda kwao kwa mabao 3-1 ya mechi mbili.

Kuchelewa si kosa la simu yako. Picha ya mpira ina safari ndefu. Inatoka kwenye kamera, inaingia kwenye gari la matangazo, inabanwa ili iwe nyepesi. Kwa mwenye king'amuzi cha dishi hurushwa hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena. Hapo zimepotea sekunde chache. Kwa anayetazama kwa intaneti, picha hukatwakatwa vipande vya sekunde kadhaa kila kimoja, na simu hukusanya vipande kadhaa kwanza kabla ya kuanza kukuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Ukijumlisha yote unaweza kuwa nyuma kwa nusu dakika au zaidi. Hata hapa mtaani kwangu, kibanda umiza cha jirani, lile banda la kuonyeshea mpira, chenye dishi hulipuka kwa kelele, nasi tunaotazama kwa simu tunabaki kutazamana, tukijua linalokuja.

Njia ni mbili. Ya kwanza, nyamazisha makundi yote dakika tisini na usiyafungue. Uyaone magoli yakiwa moto, hata kama yamechelewa. Kwako wewe hayajachelewa. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwambie dada yako wa Tanga akupigie simu ya sauti, aiweke mezani karibu na runinga, basi. Sauti ya simu haina mizigo hiyo, inafika karibu papo hapo. Utamsikia mtangazaji, utamsikia kaka yako akimlaumu beki, utasikia na kifuniko cha sufuria. Ila ukichagua hiyo, picha izime, la sivyo masikio yatashangilia na macho yatangoja.

Mama yangu alishabikia Simba maisha yake yote na uwanjani aliingia mara mbili tu. Ushabiki wake ulipita kwenye redio ya mbao juu ya kabati, na hakuna aliyethubutu kumwambia yeye si shabiki. Nawe usikubali kuambiwa hivyo kwa sababu uko Muscat.

*Shangazi, kijana wangu ana miaka 21, anaendesha bodaboda hapa Mwanza. Kuna mtu kwenye Telegram anauza "mechi za uhakika", anasema zimeshapangwa. Mwanangu anasema mwenyewe amemhakikisha: alipewa mechi tatu bure na zote zikatoka. Sasa ametoa elfu ishirini, kisha hamsini, na juzi ameuza simu yake kubwa. Hanisikilizi. — Mama Mwanza*

Dada yangu, mwite kijana mkae na karatasi na kalamu. Usimgombeze. Mfanyie hesabu hii, maana mimi mwenyewe ilinifungua macho nilipoelezwa.

Tapeli anatafuta watu 800. Wa kwanza 400 anawaambia mechi ya leo itakuwa na magoli matatu au zaidi. Wale 400 wengine anawaambia magoli hayatafika matatu. Mechi ikiisha, kundi moja lazima liwe limepata. Walioambiwa uongo anaachana nao. Waliobaki 400 anawagawa tena: 200 hivi, 200 vile. Halafu tena, mia kwa mia. Baada ya mechi tatu kuna watu 100 ambao wameona kwa macho yao utabiri ukitimia mara tatu mfululizo. Hao ndio anaowaambia, "sasa lipa". Kila mmoja akitoa elfu ishirini ni milioni mbili. Hajui chochote kuhusu mechi yoyote. Mwanao ni mmoja wa wale mia, na wale mia saba walioachwa njiani hawamo kwenye chaneli kumsimulia.

Picha za mikeka iliyoshinda, yaani tiketi za kubeti, anazoziona nazo mtoto yeyote mwenye programu ya kuhariri picha anazitengeneza, na utabiri ulioanguka hufutwa kabla hakujakucha. Kisha muulize swali moja: mtu aliyeijua mechi iliyopangwa, kwa nini anahangaika na elfu ishirini ya dereva wa bodaboda?

Mimi kubeti kunaniuma kwa namna ya pekee. Nimeona vijana wa Simba wakitamani Simba ifungwe kwa sababu ya mkeka. Ukifika hapo timu umeipoteza, hata ukishinda hela. Mwambie kijana hayo pia, lakini hesabu itangulie.

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 22, niko Iringa. Kila baada ya mechi narekodi video naeleza nilichokiona: nani alikaba vibaya, kwa nini kocha alibadilisha. Nina wafuasi elfu tisa TikTok. Nikikosea jina moja naambiwa rudi jikoni. Nikisema sahihi naambiwa nimeandikiwa na mwanaume. Wiki iliyopita mmoja ameandika mambo ya mwili wangu ambayo siwezi kuyarudia kwako, na mwingine amesema anajua ninakoishi. Niache? — Mchambuzi wa Iringa*

Marahaba mwanangu. Usiache. Nisikilize.

Mwaka 1993, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan, niliingia Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru sasa, nikiwa nimeshika mkia wa shati la kaka yangu. Bila kaka nisingeingia. Tulifungwa mbili bila, nikalia, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Ndiyo sababu hawa hawaletwi." Sijamsahau. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mwanamke aliyetaka kuzungumza mpira hakuwa na pa kukaa. Kijiwe ni cha wanaume, kahawa ni ya wanaume, kibanda umiza usiku mwenye binti hamruhusu. Nikabaki nazungumza na cherehani.

Simu ndiyo iliyotufungulia. Nilijiunga na kundi la kina mama wa Simba, nikakuta mwalimu wa Lindi, muuza samaki wa Feri, nesi wa Bukoba, wote walikuwa wamekaa na maneno yao vifuani miaka ishirini. Siku ya kwanza hatukulala. Kwa hiyo anayekwambia mitandao imeharibu ushabiki, muulize umeharibika wa nani. Mimi wangu ulianza kusikika hapo. Na wewe una watu elfu tisa, uwanja ambao sisi hatukuwahi kuuota.

Tena mpira wenyewe umeshakupa mashahidi. Februari 2016 mechi ya Simba na Yanga ilichezeshwa na Jonesia Rukyaa, na uwanja mzima wa Mkapa ulisikiliza filimbi yake. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa wanawake kule Morocco. Atakayekurudisha jikoni amechelewa.

Sasa tutenganishe mambo, maana hayalingani. Anayekubishia kuhusu beki wa kushoto, mjibu au mwache, huo ni mpira. Anayekutukana, nenda kwenye mipangilio ya maoni uyaweke yale maneno ya matusi yenyewe. Programu itayaficha kabla hujayaona. Wala usimjibu, maana jibu lako linayapandisha maoni yake.

Huyo anayesema anajua unakoishi ni jambo jingine kabisa. Usimzuie kwanza. Piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, maneno yake, tarehe na saa. Mtumie mtu unayemwamini azihifadhi. Kisha iripoti akaunti, ndipo umzuie. Halafu nenda polisi, uulize dawati la jinsia na watoto, usiende peke yako. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na kumtisha mtu kwa simu kumo ndani yake. Na tangu leo usirekodi ukiwa kwenye mlango wa kwenu au mbele ya duka linalojulikana, na video posti ukiwa umeshaondoka pale ulipo.

Nikusimulie jambo moja la Uingereza, kwa sababu linanipa nguvu. Julai 2021 Uingereza ilipoteza fainali ya Euro kwa penalti. Waliokosa walikuwa Rashford, Sancho na Saka, vijana watatu weusi, na Saka alikuwa na miaka 19 tu. Usiku ule kurasa zao za Instagram zilijaa matusi ya rangi yao. Picha kubwa ya Rashford iliyochorwa ukutani Withington, Manchester, ikachafuliwa. Kulipokucha, watu wa mtaa ule walikuja na karatasi, mioyo na barua za watoto, wakaufunika uchafu wote mpaka ukuta haukuonekana. Mwezi uliofuata Arsenal wakaenda kucheza mechi ya kirafiki nyumbani kwa Tottenham, mahasimu wao wa kaskazini mwa London. Saka alipoingia, mashabiki wa Tottenham walimpigia makofi. Mtani wake ndiye aliyemfuta machozi, kwa mikono, uwanjani.

Wewe nawe usibaki na simu peke yako. Iringa kuna matawi ya Simba na kuna matawi ya Yanga. Nenda ujitambulishe kwa akina mama wa tawi, waangalie mechi na wewe, waijue sura yako. Siku ukitishwa tena, kuna watu watakaotoka nyumbani kwao.

*Shangazi, niliposti kwamba mshambuliaji mmoja amesaini kwetu, kumbe akaunti ni feki. Darasani wananicheka. Nitajuaje? — Kidato cha tano, Morogoro*

Tarehe 8 Mei 2021 nilikuwa Mkapa kwa Simba na Yanga. Mechi ilikuwa saa kumi na moja jioni, ikasogezwa hadi saa moja usiku. Yanga wakaja kwa muda wa kwanza, wakaondoka. Simba wakaja kwa muda wa pili. Mpira haukuchezwa siku ile. Ulichezwa Julai 3. Jukwaani kila dakika simu zililia: mechi ipo, mechi haipo, Yanga wamepokwa pointi, Yanga wanarudi. Kila habari ilikuja na muhuri na saini. Jirani yangu alisimama mara nne kuondoka, akakaa mara nne. Aliyekuwa anajua ukweli hakuwa anaandika.

Kwa hiyo, mwanangu, soma jina la akaunti herufi kwa herufi, maana feki huongeza nukta au herufi moja. Angalia ilifunguliwa lini. Nenda kwenye ukurasa wa klabu yenyewe; mchezaji aliyesaini lazima atambulishwe pale. Kama hayupo, ngoja. Kuwa wa kwanza hakukuongezei kitu. Na futa ile posti, uandike chini kwamba ilikuwa si kweli.

*Sista, sisi Wapwani wa Mombasa tunajua benchi lote la Arsenal lakini hatujui kikosi cha Bandari, timu yetu ya hapa. Simu imetuloga? — Msomaji wa Likoni*

Kaka, simu inapeleka macho kule mtu alikotangulia kupenda. Januari 2020 Mbwana Samatta aliposajiliwa na Aston Villa, Watanzania waliingia kwenye kurasa za Villa kwa maelfu, Kiswahili kikajaa chini ya kila picha. Machi mosi alipofunga kwa kichwa pale Wembley dhidi ya Manchester City, mtaa wangu ulipiga kelele kama Villa ni ya Buguruni, ijapokuwa walifungwa 2-1. Alipoondoka, wengi waliondoka naye. Tulimfuata mtoto wetu.

Nendeni mkawapige picha vijana wa Bandari wakifanya mazoezi. Andikeni mama zao wanauza nini, walisoma shule ipi. Arsenal ina watu wa kuifanyia kazi hiyo. Bandari inawangoja ninyi.

*Mwanangu, nina miaka 74, nipo Kigoma Ujiji, nina simu ya tochi na redio. Wajukuu wanasema bila simu kubwa mimi si shabiki tena, kwani siwezi kuona wanayoyasema. Nimezoea sauti za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), watangazaji akina Ahmed Jongo na Charles Hilary. Je, ninunue? — Mzee wa Yanga*

Shikamoo mzee wangu. Kama fedha ipo na macho yanaruhusu, nunua, wajukuu wakuwekee picha za zamani. Kama haipo, acha. Redio yako ikikamata mawimbi ya kawaida, goli unalisikia kabla yao. Ndiyo, wewe wa tochi. Wao watakuwa bado wanangoja vipande.

Mechi ijayo ya watani waite wakae na simu zao, wewe na redio yako. Timu yako ikifunga, inuka ushangilie, uwaone watakavyokutazama. Kisha unitumie barua nyingine. Nataka kujua mtangazaji alilitangazaje goli hilo, neno kwa neno, kama baba alivyokuwa akitusimulia akirudi kutoka Jangwani, makao ya Yanga. Hata likiwa limefungwa dhidi ya Simba yangu, nitalichapisha hapa.